Noti ambayo mamkubwa hakutaka irudi benki

Mwezi wa tatu 2025 nilienda kwa mamkubwa Tabata kumsaidia kazi moja ndogo tu. Mnakumbuka Benki Kuu walitangaza noti za zamani zirudishwe mwisho tarehe 5 Aprili, sasa mamkubwa ni mtu wa kuficha hela kila mahali, ndani ya Biblia, chini ya kitambaa cha kabati la vyombo, kwenye mfuko wa koti la marehemu baba mkubwa ambalo mpaka leo linaning'inia nyuma ya mlango. Tukazitoa zote tukazipanga mezani. Za mia mbili, za elfu moja za enzi hizo, na za mia tano zile zenye Karume mbele, kama nane hivi.

Nikaanza kuhesabu. Mamkubwa akachukua mia tano moja, akaigeuza, akaishika mkononi.

"Hii niachie."

"Mamkubwa, tarehe 5 ikipita hiyo ni karatasi tu."

"Najua. Niachie."

Nyuma ya ile noti kuna Nkrumah Hall. Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lile paa ambalo kila aliyepita pale analijua hata ukimwonyesha usiku.

Mimi nikajua ni kumbukumbu za ujana, basi nikamchokoza, nikamwambia enzi zenu raha bwana, wasichana wachache, wasomi wa nchi, mnasomeshwa na serikali, kila mtu anawaheshimu. Hakucheka. Alikaa kimya mpaka nikadhani hajanisikia, alafu akasema kitu ambacho nimetembea nacho tangu siku ile, kwenye daladala, jikoni, kanisani, na ndo maana naandika hapa leo.

Alisema: "Kuna msichana sikumsalimia mwaka mzima."

Hadithi niliyokua nayo

Niwaambie kwanza nilichokuwa nakijua mimi, maana ndo kilichonifanya nimchokoze vile.

Kwetu mamkubwa ni mtu wa kwanza wa kike kuingia chuo kikuu, ukoo mzima. Picha yake amevaa joho ilikuwa sebuleni kwa bibi, juu kabisa, juu ya picha ya Yesu, na babu alikuwa akija mgeni anaanza na picha ndo anafuata habari za safari. Tumesomeshwa wote kwa ile picha. Ukifeli unaonyeshwa picha, ukifaulu unaonyeshwa picha.

Kwa hiyo mimi historia ya wanawake pale Mlimani naijua kwa njia ya kupanda ngazi. Naijua kwamba chuo kilianza 1961 na sheria peke yake, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, wanafunzi hawafiki hata ishirini. Najua mwanzoni mwa miaka ya 60 Julie Manning alikuwa mwanamke peke yake anasoma sheria pale, akaja kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na 1975 Mwalimu akamteua Waziri wa Sheria, mwaka uleule na Tabitha Siwale, wakawa mawaziri wa kwanza wanawake. Najua kabla ya hapo msichana wa Tanganyika akitaka chuo kikuu ilibidi aende Makerere, na Makerere yenyewe wanawake waliingia 1945, sita tu, na chuo kikalazimika kubadilisha kaulimbiu yake maana ya mwanzo ilikuwa inasema, kwa Kiswahili chetu, "na tuwe wanaume."

Hiyo ya kaulimbiu huwa naipenda sana kuisimulia. Wasichana sita wanaingia getini na maneno ya ukutani yanabadilika.

Hata Azimio la Musoma nalijua kwa namna hiyohiyo. 1974 ikaamuliwa ukimaliza form six huendi chuo moja kwa moja, unaenda Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, unafanya kazi miaka miwili, upate barua ya chama na ya mwajiri, ndo uombe chuo. Wazo lilikuwa zuri kwenye karatasi. Ila binti wa miaka 20 akikaa kazini miaka miwili, nyumbani wanasemaje? Mposaji keshakuja. Idadi ya wasichana ikashuka vibaya mpaka 1976 serikali ikawaondoa kwenye lile sharti, wavulana wakaendelea nalo. Mimi hiyo nilikuwa naihesabu kama ngazi nyingine tena, mlango ulitaka kufungwa, ukafunguliwa.

Yani kichwani kwangu swali lilikuwa moja tu, wameingia wangapi.

Mamkubwa aliingia 1988. Ngazi zote zile zilikuwa zimeshapandwa. Sikuwahi kumuuliza aliingia akakuta nini.

Mzee asiye na sura

Waliosoma pale miaka ile hawahitaji kuelezwa Punch. Wengine mtanivumilia, nitasema kidogo tu.

Mzee Punch alikuwa hana jina wala sura. Usiku karatasi zinabandikwa ukutani, asubuhi watu wanajaa kusoma, michoro na maneno. Wanavyosimulia waliomkuta mwanzoni alikuwa wa siasa, anakejeli wakubwa, anasema yale ambayo gazeti la serikali halisemi, na kwa nchi ya chama kimoja naelewa kwa nini watu walimpenda. Mamkubwa mwenyewe anasema kabla hajafika alikuwa amesikia habari zake kama shujaa.

Ila kalamu ile taratibu ikaacha wakubwa ikageukia wasichana.

Ukimkataa mtu, Punch. Ukifaulu sana, Punch. Ukigombea uongozi wa wanafunzi, ukijibu kwa sauti darasani, ukivaa hivi, ukitembea na yule. Wanachora mwili wako, wanaandika mambo ya chumbani ambayo hata hayajatokea, na wewe unayapita ukutani ukienda kipindi.

Na hapo bado hujafika kwenye adhabu yenyewe.

Adhabu yenyewe ni kwamba ukishatolewa kwenye Punch hakuna anayeruhusiwa kukusemesha. Hakuna kusalimiwa, hakuna kukaa na wewe, hakuna kutembea na wewe, na atakayevunja hiyo amri kesho anachorwa yeye. Basi. Hakuna aliyehitaji kumpiga mtu wala kumfukuza, ukuta unatangaza na wengine wote, mamia ya watu wenye akili zao walioshinda mitihani migumu kuliko yote nchini, wanatekeleza.

Hapo ndo nilipoanza kupata shida. Michoro najua nani alaumiwe, aliyechora. Lakini ukimya ule aliutekeleza nani? Wavulana peke yao? Mamkubwa akanitazama akasema, "Mwanangu, tuliokuwa tunalala naye jengo moja ni sisi."

Februari 1990

Kuna jina ambalo lazima nilitaje, kwa heshima. Levina Mukasa.

Alikuwa mwanafunzi pale. Alisumbuliwa na kundi la Punch, akadhalilishwa, na Februari 1990 akajitoa uhai.

Sitaandika zaidi kuhusu siku zake za mwisho, yameshaandikwa, na sidhani ni yangu kuyarudia. Nitaandika kilichofuata. Punch ilipigwa marufuku. TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, kilikuwa na miaka mitatu tu tangu kianzishwe 1987, wana jarida lao Sauti ya Siti, wakalibeba lile jambo wakakataa life kama habari ya mapenzi ya chuoni, wakasema huu ni ukatili na una jina. Ukimsikia mtu anaeleza harakati za kupinga ukatili wa kijinsia Tanzania zilivyoshika moto, hafiki mbali bila kumtaja Levina. Barabara ile ndo iliyokwenda mpaka kwenye Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998.

Sasa sikilizeni kitu ambacho sikuwahi kukiweka pamoja mpaka wiki hizi.

Mwaka huohuo wa 1990 Uganda wakaanza utaratibu wa kumwongezea kila msichana pointi moja na nusu aingie chuo cha umma, Makerere ikaanza kujaa wasichana. Kwetu Mlimani mwaka ule wanawake walikuwa hawafiki robo ya wanafunzi. Mimi ningesimulia 1990 kama mwaka wa pointi moja na nusu, mwaka mzuri, ngazi. Na ni kweli ni mwaka wa pointi. Ni mwaka wa Levina pia, na hakuna pointi ya kuingilia mlangoni ambayo ingemsaidia, maana yeye alikuwa ameshaingia. Pointi zake zilitosha.

Nimelirudia hilo kichwani sijui mara ngapi.

Meza

Msichana wa mamkubwa hakuwa Levina. Nasema mapema msije mkachanganya. Alikuwa mwingine, wa kozi yao, ambaye hakuna kitabu kilichomwandika na mimi sitasema jina lake wala anakotoka.

Walikuja wote kutoka JKT wakajikuta kozi moja. Wote wa bara, wote mara ya kwanza Dar, wote wanaogopa kuvuka barabara ya Ubungo. Mwaka wa kwanza mzima wanatembea pamoja, wanabadilishana magauni, mmoja akipata mzigo kutoka kwao, karanga na ndizi kavu, wanakula wote. Mamkubwa anasema yule ndiye aliyemfundisha kuandika essei maana yeye alikuwa anaandika kama barua.

Mwaka wa pili asubuhi moja yule rafiki akawa ukutani.

Mamkubwa hajaniambia kilichoandikwa na sikumuuliza. Aliniambia tu kuhusu mchana wa siku ile. Kafeteria imejaa, yeye ameshika trei yake, ugali maharage, anatafuta pa kukaa, na anamwona mwenzie amekaa kwenye meza ya watu wengi peke yake. Viti vyote vinavyomzunguka vitupu na watu wengine wanakula wamesimama.

"Alininyanyulia macho," mamkubwa akasema. "Hakuniita. Aliniangalia tu kama mtu anayesubiri gari ambalo analijua namba."

Na mamkubwa akageuka.

Akaenda upande wa pili, akala amesimama, anasema mpaka leo anakumbuka maharage yalikuwa na mawe na alikuwa anayameza na mawe yake ili amalize haraka atoke. Alijiambia kesho. Nitaenda chumbani kwake usiku watu wakilala. Kesho yake akajiambia wiki ijayo mambo yakitulia. Akajifunza ratiba ya mwenzie, anaoga saa ngapi, anapita njia ipi kwenda maktaba, ili asikutane naye. Hebu fikiria hilo, anamjua rafiki yake vizuri kiasi kwamba anaweza kumkwepa mwaka mzima kwenye chuo ambacho wasichana wote wanajuana.

Nikamwambia kitu cha kumfariji, nikasema mamkubwa uliogopa, na ungechorwa na wewe. Akasema, "Ndiyo, ningechorwa. Tungechorwa wawili, tukakaa meza moja."

Sikuwa na jibu. Sina mpaka sasa.

Baada ya msiba wa Februari mabweni yalikuwa na ukimya ambao anasema hajawahi kuusikia tena popote. Wasichana wakaanza kusemeshana kidogo kidogo. Alipanga kwenda kwa mwenzie, safari hii kweli, alishaandika na karatasi ya atakachosema. Alafu Mei chuo kikafungwa kwa sababu nyingine kabisa, ile migogoro ya wanafunzi na serikali, wote wakarudishwa makwao na mwaka ukaisha wako nyumbani. Kilipofunguliwa yule rafiki alirudi, wakamaliza, wakavaa majoho siku moja.

Ile picha ya sebuleni kwa bibi. Nimeiangalia miaka thelathini. Upande wa kulia kuna kipande cha mkono wa joho la mtu mwingine, fremu imekikata. Nilimuuliza mamkubwa ni wa nani.

Mnajua alichojibu.

Nilichotaka kuandika na nilichoandika

Nilipotoka Tabata siku ile nilikuwa na makala tayari kichwani. Ilikuwa inahusu zamani. Ingeanza na Mzee Punch na ingeishia kwenye leo, mambo yamebadilika, wasichana wameongezeka. Na wameongezeka kweli, hilo silikatai. Mwishoni mwa miaka ya 90 Mlimani walianzisha kozi ya maandalizi kwa wasichana wa sayansi waliokosa pointi kidogo, wanasoma wiki kadhaa wanafanya mtihani wanaingia, wakaja wafadhili wa kuwalipia ada, na ukienda leo kwenye maabara zile utawakuta. Kina mama kama Penina Mlama wamefika mpaka kwenye uongozi wa juu wa taaluma pale. Siku hizi vyuo vina madawati ya jinsia. Watu wamefanya kazi, wengine maisha yao yote, na siwezi kuipuuza kazi yao kwa sababu mimi nimesikia hadithi moja inayouma.

Nikaandika ile makala nusu. Ikanishinda.

Ilinishinda nilipofika kwenye sentensi ya "siku hizi hakuna Punch". Niliiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Nikajiuliza hivi Punch ilikuwa nini hasa? Karatasi? Gundi? Kama ni karatasi basi imekwisha. Kama ni ule utaratibu wa kwamba tukishamchafua mtu sote tunasogea pembeni, basi mimi mwenyewe nimeshawahi kuutekeleza, na sikuhitaji ukuta.

2018 siku rais anafungua maktaba mpya Mlimani mhadhiri mmoja wa kike aliandika Twita kwamba rushwa ya ngono ipo pale na rais aijue. Nchi nzima ikaongea. Nakumbuka mwenyewe nilivyokuwa nasoma majibu ya watu, wengi hawaulizi hili jambo ni kweli, wanauliza huyu mama ana nini, anataka nini, katumwa na nani. Nilisoma usiku mzima na sikuandika hata neno moja la kusimama naye. Nilikuwa na simu mkononi, bando ninalo. Niliona ni busara kunyamaza.

Grupu la darasa

Hili ndo lililonichelewesha kuchapisha.

Nilisoma chuo kimoja, sitakitaja, sio cha Dar. Tulikuwa na grupu la WhatsApp la darasa kama madarasa yote, matangazo ya CR, yaani kiongozi wa darasa, ratiba za UE, ile mitihani ya mwisho wa semista, nani ana notisi, bumu, yaani hela ya mkopo, limetoka halijatoka. Kulikuwa na dada mmoja mtulivu, alikuwa anakuja nywele amezifunga kitambaa, anakaa mbele, haongei. Semista ya tatu matokeo ya test yakatoka akawa ameongoza somo ambalo nusu ya darasa tulikuwa tunasali tusidisko, yaani tusifukuzwe chuo kwa kufeli.

Usiku mtu akaandika kwenye grupu kwamba marks zile zina harufu ya ofisi ya mwalimu.

Hakusema zaidi. Hakuhitaji. Zikaja emoji za kucheka, moja, kumi, ishirini, mtu akaweka stika, mwingine akaweka voisi noti anaigiza sauti ya kike inayobembeleza. Yule dada alikuwa ndani ya grupu. Tuliona wote anasoma.

Na mimi niliweka emoji. Ile ya kucheka mpaka machozi. Nakumbuka kabisa nilikuwa nimelala kitandani, sikuwa hata na chuki naye, niliweka kwa sababu wenzangu wameweka, kwa sababu ukikaa kimya kwenye grupu linalocheka watu wanaanza kujiuliza na wewe una nini.

Kesho yake akaondoka kwenye grupu. Kwenye kugawana vikundi vya kazi ya pamoja hakuna aliyemtaka, yule yule aliyeongoza somo, akafanya peke yake kwa ruhusa ya mwalimu na hiyo nayo ikawa ushahidi. Mnaona? Tulimtenga, alafu alipokwenda kwa mwalimu kuomba afanye peke yake tukasema si mnaona anavyokwenda kwa mwalimu.

Mzee Punch alikuwa anajificha. Sisi majina yetu na picha zetu za profaili zilikuwa pale pale.

Nimekaa na hilo wiki kadhaa. Kila nikitaka kujitetea namsikia mamkubwa anasema tungekaa meza moja. Naijua historia ya Manning, ya wale sita wa Makerere, nimeisimulia kwenye semina za wasichana nikapigiwa makofi, na wakati huohuo mimi ni mmoja wa watu waliomfanya msichana mwenzangu ale peke yake. Sijui hivyo viwili nilivibebaje pamoja miaka yote bila kugongana.

Na labda ndo sababu tunapenda kuhesabu walioingia. Namba haina mtu anayekuangalia akiwa na trei mbele yake.

Jumapili iliyopita

Nilirudi Tabata. Tarehe 5 Aprili ilikuwa imeshapita zamani, zile noti nyingine nilishazipeleka benki nikamletea hela yake, na ile moja ya mia tano iko ndani ya Biblia, kwenye Zaburi, haina thamani popote.

"Shikamoo mamkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Kula kwanza."

Nikamweleza habari ya grupu. Yote, na emoji. Nilitegemea atasema ni mambo ya watoto. Alinisikiliza akiwa anachambua mchele, hakuinua kichwa, alafu akauliza, "Unajua alipo?"

Namjua. Siku hizi sio kazi kumpata mtu, nilimpata ndani ya dakika kumi, anafanya kazi mkoa fulani, ana watoto wawili, bado anafunga kitambaa.

"Wa kwako je mamkubwa, unajua alipo?"

Akasema namba anayo. Mwenzao mmoja wa jumuiya alimpatia tangu mwaka juzi. Ameiandika nyuma ya kadi ya harusi, akaionyesha na ilipo, droo ya juu. Hajapiga. Alisema miaka thelathini na tano ni mingi, na akishapokea hajui aanze na neno gani, hata shikamoo hawapeani maana ni umri mmoja, na habari za siku nyingi ataona kama anamtania.

Tukakaa. Mchele ukaisha kuchambuliwa akaanza kuuchambua upya.

Nikatoa simu nikaanza kumwandikia yule dada. Nikaandika refu, nikaeleza ilivyokuwa, kwamba nilikuwa mdogo, kwamba sikuanzisha mimi, kwamba nilikuwa naogopa. Nikamsomea mamkubwa. Akaniambia futa. Akasema, "Usimweleze ulivyokuwa. Anajua, alikuwepo. Mwambie ulichofanya."

Nikafuta. Nikaandika jina langu, mwaka tuliosoma, na kwamba usiku ule wa matokeo ya test na mimi nilimchafua, na naomba msamaha.

Tiki moja. Tiki mbili. Mamkubwa akaenda jikoni kubandika maji.

Zilipokuwa bluu mikono ilinitoka jasho kama siku ya matokeo. Ikaandika anaandika, ikaacha, ikaandika tena, ikaacha, muda mrefu, maji yakachemka, mamkubwa akarudi akasimama nyuma yangu na mwiko mkononi.

Jibu likaja, mstari mmoja.

"Na wewe ulicheka?"

Nikaandika, ndiyo, nilicheka.

Nyuma yangu nikasikia droo ya juu inavutwa.